Hesabu Kazi Kwanza, Kisha Nunua Mashine
Shauri kwa mkulima anayetaka kununua mashine ya kukereza chuma iliyokwisha kutumika

Ndugu mkulima, katika skimu zetu za makazi chuma kimekuwa sehemu ya shamba. Familia zilizopata mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, nyingi zilianza na panga, jembe na ng'ombe wachache wa maziwa. Leo wajukuu wao wana mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, pampu ya maji, kinu cha posho, na wengine wana trekta la kukodisha. Mashine hizo zote zina shafti, bushi, pini na puli, na vitu hivyo huliwa kwa kusuguana. Shafti ikikatika Ol Kalou au Kinangop, mara nyingi mwenyewe huipakia katika matatu akaenda nayo Nairobi, na huku nyumbani majani hukatwa kwa panga.

Ndiyo sababu kijana aliyetoka chuo cha ufundi humwambia baba yake: "Tununue mashine yetu, tuiweke nyumbani." Tena siku hizi haitaki ile inayoendeshwa kwa mkono. Anataka ile inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita CNC. Mpya ni ghali mno, kwa hiyo hutafutwa iliyokwisha kutumika.

Shauri hili laweza kuwa jema, na laweza pia kuila hati ya shamba. Tofauti iko katika mambo yanayofanywa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Tafadhali soma makala haya pamoja na kijana wako, na mama yake awepo.

MASHINE YENYEWE

Mashine ya kukereza, au lethi kama mafundi wanavyoiita, hushika kipande cha chuma na kukizungusha. Kisu kigumu husogezwa taratibu na kukipunguza chuma mpaka kifikie kipimo kinachotakiwa. Katika mashine ya mkono, fundi mwenyewe huzungusha magurudumu madogo yanayosogeza kisu, akipima na kukata, akipima tena na kukata tena.

Katika mashine ya kompyuta, fundi huandika hesabu za kazi mara moja. Kompyuta huzisoma na kuamuru mota zikisogeze kisu. Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1952 chuo cha MIT huko Marekani kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa namba, nazo namba hizo zilitobolewa katika utepe wa karatasi.

Sasa shika neno hili, kwa maana ndilo kiini cha makala haya. Nguvu ya mashine ya kompyuta ni kurudia. Bushi ya kwanza huchukua muda mrefu, kwani fundi lazima aandike hesabu, apange visu na kujaribu. Lakini bushi ya pili, ya kumi na ya mia hutoka upesi, na zote huwa sawa. Kazi ya matengenezo ya shamba kwa kawaida si ya namna hiyo. Leo huletwa shafti moja ya pampu, kesho pini moja ya trekta, keshokutwa puli iliyovunjika. Kila moja ina kipimo chake. Kwa kazi hizo, fundi hodari mwenye mashine ya mkono mara nyingi atamaliza wakati mwenye kompyuta angali anaandika.

HESABU YA NYUMBANI

Chukua karatasi na kalamu. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Wewe utatia bei ulizozipata mwenyewe.

Tuseme mashine ya kompyuta, pamoja na kuisafirisha, kuitia umeme na kununua visu vyake, imekugharimu shilingi 720,000. Ukitaka fedha hizo zirudi kwa miezi 36, kila mwezi lazima itoe shilingi 20,000. Ongeza 15,000 za umeme, visu na mafuta, na 25,000 za kijana anayeiendesha, kwani naye lazima ale. Jumla ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Riba ya mkopo hatujaitia.

Ikiwa kila bushi hukuachia shilingi 100 baada ya kutoa bei ya chuma, ni lazima uuze bushi 600 kila mwezi. Kwa siku 25 za kazi, hizo ni bushi 24 kila siku. Basi jiulize: nani atazinunua? Jirani zako hawawezi kumaliza bushi 600 kwa mwezi. Mnunuzi wako atakuwa mtengenezaji wa mashine za majani, mwenye duka la vipuri au kiwanda. Je, umekwisha zungumza naye?

Sasa tazama upande wa pili. Tuseme mashine ya mkono, nayo iliyotumika, imekufikia kwa shilingi 360,000. Kwa miezi 36 ni shilingi 10,000 kila mwezi. Ongeza 10,000 za umeme na visu, na 25,000 za kijana. Jumla ni 45,000. Ikiwa kila kazi ya matengenezo hukuachia shilingi 1,500, unahitaji kazi 30 kwa mwezi, yaani kazi moja na kidogo kwa siku. Katika skimu yenye ng'ombe wengi wa maziwa, hizo zaweza kupatikana bila kwenda mbali.

Hatusemi kwamba mashine ya kompyuta ni mbaya. Twasema kwamba kila mashine ina kazi yake, na mwenye kununua lazima aijue kazi hiyo kabla ya kuijua bei.

Nchi nzima ilipata somo hili. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa gari la Nyayo Pioneer, na mwaka 1990 magari ya majaribio yalionyeshwa kwa wananchi. Magari yalikwenda, lakini hayakupata kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa. Kutokana na mradi huo iliundwa, mwaka 1994, kampuni ya Numerical Machining Complex, jirani na karakana za reli mjini Nairobi, ili mashine zile za namba zitafutiwe kazi nyingine. Serikali yaweza kungoja kazi ipatikane. Mkulima mwenye deni hawezi.

JARIBU SOKO KWA MASHINE YA MWENZIO

Iko njia ya kujua soko bila kununua mashine. Mwambie kijana achore bushi au pini anayodhani itauzika. Apeleke mchoro huo kwa karakana yenye mashine ya kompyuta, aagize 100, kisha azitembeze kwa wateja. Faida itakuwa ndogo, maana mwenye karakana naye atachukua chake. Lakini zikiisha kwa wiki mbili na watu wakauliza nyingine, umepata habari iliyo bora kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Zikibaki chini ya kitanda miezi mitatu, umepoteza bei ya bushi 100, na shamba lako liko salama.

KUTAFUTA MASHINE NAIROBI

Ukishuka katika matatu Nyamakima, hauko mbali na Kirinyaga Road, ambayo wazee waliijua kwa jina la Grogan. Hapo ni pahali pa vipuri na mafundi wa magari. Anzia hapo, lakini usianze kwa kununua. Uliza mafundi wanaokereza: kazi gani huja kila siku? Visu hununuliwa wapi? Beringi za mashine gani hupatikana kwa urahisi? Kuuliza si ujinga.

Kisha nenda magharibi ya mji. Katika Dagoretti Corner, Riruta, Kawangware na Kangemi wako mafundi wa chuma wanaofanya kazi katika vibanda kando ya barabara, na wengine nyuma ya nyumba zao. Hao ndio walio katika hali inayofanana na ile unayoitaka. Tazama jinsi walivyouweka umeme, sakafu yao ilivyo, na kazi zinazowaletea chakula. Barabara ya Naivasha Road, iunganishayo Ngong Road na Waiyaki Way, itakupitisha kwa wengi wao kwa siku moja.

Huko Kabete, kando ya Waiyaki Way, kipo chuo kilichofunguliwa na serikali mwaka 1924 ili kufundisha Waafrika kazi za mikono. Leo ni Kabete National Polytechnic. Tumekitaja kwa sababu mashine ya kompyuta bila fundi aliyefundishwa ni sanduku la chuma tu. Ikiwa kijana wako hajajifunza kuandika hesabu za mashine hii, ada ya masomo itangulie na mashine ifuate.

Mashine zenyewe huuzwa kwa njia nyingi. Wako wafanyabiashara wanaozileta kutoka ng'ambo, na wengi wao wako Industrial Area, kusini ya mji. Viko viwanda vinavyofunga au kubadilisha mitambo. Ziko pia taasisi za serikali zinazouza mali zisizotumika tena kwa zabuni au mnada, kufuata sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015. Katika mnada kitu huuzwa kama kilivyo. Ukipewa siku ya kutazama, itumie siku hiyo.

UMEME KWANZA

Jambo hili limewaangusha wengi. Nyumba nyingi za mashambani zina umeme wa fezi moja, volti 240. Mashine kubwa za kiwanda hutaka fezi tatu, volti 415. Kabla ya kutazama mashine yoyote, uliza Kenya Power kama fezi tatu zinafika karibu nawe, na kuzivuta hadi nyumbani kutagharimu kiasi gani. Pengine gharama hiyo itazidi bei ya mashine.

Tazama pia mashine imetoka nchi gani. Iliyotoka Uingereza kwa kawaida inapatana na umeme wetu. Iliyotoka Japani hutumia volti 200 za fezi tatu, na huenda ikahitaji transfoma. Iliyotoka Marekani ilitengenezwa kwa umeme unaopigapiga mara 60 kwa sekunde, na wetu ni mara 50. Soma kibao cha chuma kilichopigiliwa nyuma ya mashine, uandike namba zake zote, umwonyeshe fundi wa umeme mwenye leseni.

Ziko mashine ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya vyuo, kama zile za Denford na Boxford za Uingereza, na za EMCO za Austria. Nyingi hutumia fezi moja, na zile za kuwekwa mezani huweza kuinuliwa na watu wachache. Kwa karakana ya nyumbani zafaa kuliko jitu la tani tatu. Lakini kompyuta zake za zamani ni taabu kuzipatia vipuri. Mafundi wengine huiondoa kompyuta ya zamani na kutia mpya yenye programu ya LinuxCNC, ambayo hutolewa bure. Kazi hiyo ni ya mtu aijuaye. Usimwachie anayetaka kujifunzia kwako.

KUIKAGUA

Usikubali kuuziwa mbuzi katika gunia. Nenda na fundi wako mwenyewe, asiyelipwa na muuzaji. Chukua maikromita, saa ya kupimia, tochi na kipande cha chuma. Kisha fuata mambo haya:

1. Iwashwe mbele yako. Muuzaji akisema "ilikuwa nzima tulipoizima", nunua kwa bei ya chuma chakavu au uende zako.

2. Uliza habari za betri. Katika mashine nyingi, kompyuta hukumbuka hesabu za mashine yenyewe kwa nguvu za betri ndogo. Mashine ikikaa ghalani miaka na betri ikafa, hesabu hizo hufutika, na mashine huwa kama mtu aliyesahau jina lake. Taka nakala ya hesabu hizo, pamoja na vitabu na mchoro wa nyaya.

3. Izungushwe kwa mwendo wa kasi kwa dakika 30. Sikiliza. Mlio laini ni mwema. Mngurumo au kusaga ni beringi zilizokwisha. Mashine ikiisha kusimama kabisa, gusa sehemu ya beringi. Joto kidogo si kitu, lakini ikichoma mkono ni kosa.

4. Tazama kitanda chake, yaani reli ambazo kisu husafiria. Kwa kawaida huliwa zaidi karibu na kishikio, kwa kuwa kazi nyingi hufanywa hapo. Rangi mpya juu ya mashine isikudanganye. Reli hazipakwi rangi.

5. Pima ulegevu wa skurubu ndefu zinazosogeza kisu. Weka saa ya kupimia, amuru kisu kiende milimita 0.10, kisha kirudi. Mshale usiporudi ulipotoka, skurubu au nati yake imeliwa.

6. Kata chuma. Shika kipande chenye unene wa milimita 40, kitokeze milimita 100, kikereze chote kwa mpigo mwepesi. Pima karibu na kishikio, kisha pima mwishoni. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 0.03, taka kujua sababu.

7. Tengeneza vipande vitano vya namna moja bila kubadilisha hesabu. Vipime vyote. Tulisema kwamba nguvu ya mashine hii ni kurudia. Ikiwa hairudii, hakuna sababu ya kuilipia bei ya kompyuta.

8. Fungua kabati la umeme. Vumbi la chuma, alama za moto na nyaya zilizofungwa kwa gundi ya karatasi ni ushahidi wa jinsi ilivyotunzwa.

KARATASI NA DENI

Mashine ikishinda mitihani hiyo, taka stakabadhi ya muuzaji na, kama imeletwa kutoka ng'ambo, karatasi za forodha. Kisha jambo moja ambalo wengi hawalijui. Tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mtu aweza kukopa kwa kuweka mashine rehani, na rehani hiyo huandikwa katika daftari la serikali. Daftari hilo huweza kutafutwa kwa njia ya eCitizen. Litafute kabla ya kulipa. Mashine yenye deni la mtu mwingine yaweza kuchukuliwa karakanani mwako, na wewe ubaki na risiti.

Sheria hiyo hiyo yaweza kukufaa. Mkopeshaji akikubali, waweza kuweka mashine yenyewe, au ng'ombe, kuwa dhamana badala ya shamba. Tunakusihi uulize njia hiyo kwanza. Ikiwa hapana budi kuweka shamba, kumbuka kwamba shamba la kilimo haliwekwi rehani bila kibali cha Bodi ya Ardhi, na sheria ya ardhi ya mwaka 2012 yataka mume au mke akubali kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Mkeo ana haki ya kusema hapana. Msikilize sababu zake. Huenda yeye ndiye anayejua maziwa huleta kiasi gani. Na ikiwa deni la skimu bado halijaisha, hati yako haijawa huru, na hesabu inaanzia hapo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

KUIFIKISHA NYUMBANI

Mashine nzito huvunjika njiani kuliko kazini. Kisu na kishikio vifungwe visisogee. Iinuliwe kwa mashine ya kuinulia, mahali palipoonyeshwa katika kitabu, na isikokotwe kwa kamba iliyofungwa penye skurubu. Kabla haijafika, sakafu ya zege iwe imekwisha kauka, paa lisivuje, na mlango uwe mpana kuliko mashine. Mashine iwekwe sawa kwa pimamaji, ama sivyo itakereza upande. Mwendeshaji avae miwani, wala asivae shati lenye mikono inayoning'inia.

Basi fuata taratibu hii: soko kwanza, fundi wa pili, umeme wa tatu, na mashine iwe ya mwisho. Siku ya kwanza usitie sahihi popote, hata ukiambiwa kwamba mnunuzi mwingine yuko njiani. Lipeleke shauri lako katika mkutano wa chama cha ushirika. Huenda majirani kumi wanaopata hasara ile ile ya shafti zilizokatika watakubali kuchangia mashine moja ya mkono, nawe ukawa mwenye kuiweka. Kazi ikizidi mpaka mashine hiyo isiweze kuimaliza, hapo utakuwa na wateja, fundi na fedha, nawe utaweza kununua ya kompyuta bila kuigusa hati ya shamba.